Kigugumizi cha mwaka 1649

Haya wadau, leo hakuna habari za boom wala foleni ya kafeteria. Leo ni opera. Msikimbie kwanza! Najua neno lenyewe linatisha, mtu anawaza mama wa kizungu mwenye pembe kichwani anapiga kelele mpaka glasi zinapasuka. Hii siyo hiyo. Hii ni ya Venice, mwaka 1649, inaitwa Giasone, na aliyeitunga ni Francesco Cavalli, bwana ambaye mpaka muhula huu nilikuwa sijawahi hata kumsikia jina.

Nimemfikia kwa njia ya desa kama kawaida. Kwenye kozi ya tamthilia tunasoma Medea ya Euripides, ile ya mwaka 431 KK. Mwanamke kaachwa na mume wake Yasoni, anaua watoto wao kumkomoa. Mnaijua. Basi nikawa natafuta intaneti kila kitu chenye jina la Medea, nikaikuta hii: rekodi ya mwaka 1988, René Jacobs na kundi lake la Concerto Vocale, kampuni ni Harmonia Mundi, diski tatu nzima. Giasone ndiye Yasoni kwa Kiitaliano. Nikavaa eafoni nikiwa na nia ya kusikiliza dakika kumi tu nipate la kusema kwenye semina. Sasa ni wiki ya tatu, bado nasikiliza.

Kitu kilichonishangaza kwanza ni kwamba opera hii ilikuwa hiti. Si hiti ya kawaida. Wanaoandika historia ya muziki wanaitaja kama opera iliyochezwa kuliko zote katika karne ile ya 17. Ilianzia Teatro San Cassiano, jumba ambalo mwaka 1637 lilikuwa la kwanza kuonyesha opera kwa mtu yeyote mwenye hela ya tiketi, maana kabla ya hapo opera ilikuwa mambo ya ikulu na harusi za wakubwa. Kutoka Venice ikazunguka Italia, Florence, Naples, mpaka Roma, ambako mwaka 1671 mtunzi Alessandro Stradella aliigusagusa ikachezwa upya kwa jina la Giasone Mpya. Halafu kimya. Karne mbili na zaidi hakuna anayeicheza. Muziki wenyewe ukabaki kwenye miswada iliyoandikwa kwa mkono, mingine iko mpaka leo katika maktaba ya Marciana pale pale Venice.

Na huyo Cavalli hata jina si lake, hii nimeipenda. Alizaliwa mwaka 1602 mji wa Crema, akaitwa Caletti. Gavana wa Kivenice aliyekuwa pale, Federico Cavalli, akaisikia sauti ya mtoto, akamchukua kwenda naye Venice, na dogo akaja kutumia jina la mfadhili. Mwaka 1616 akaingia kwaya ya kanisa la San Marco, chini ya Monteverdi mwenyewe. Akafa mwaka 1676 akiwa ndiye mkuu wa muziki wa kanisa hilo hilo.

Sasa hadithi. Giasone kaja Kolkis kutafuta ngozi ya dhahabu, lakini mwaka mzima hajatafuta kitu. Kila usiku anakwenda kwa mwanamke asiyemjua, gizani, na mwanamke huyo kashamzalia mapacha. Alfajiri yuko nje Ercole (ndiyo, Hercules yule yule) anamngoja bosi atoke, ananung'unika kwamba wamekuja vitani au wamekuja kulala? Giasone akitoka anaimba wimbo wa raha, polepole, fidla zinamsindikiza, ule wimbo wa mtu ambaye hajaamka sawasawa na hataki kuamka. Wa mwaka 1649 uliandikwa kwa kastrato, yaani mwanamume aliyehasiwa utotoni ili sauti isivunjike. Kwenye rekodi anaimba Michael Chance, mwanamume wa kawaida anayeimba kwa sauti ya juu. Unamwelewa Ercole mara moja, na unamwelewa Giasone pia. Hilo ndilo tatizo.

Mwanamke wa gizani ni Medea, malkia. Kumbe huko nyuma, kisiwa cha Lemnos, Giasone alishamwacha malkia mwingine, Isifile, naye na mapacha wake. Malkia wawili, mapacha jozi mbili, baba mmoja. Isifile anakuja kumtafuta. Hapo mnaanza kuona kasheshe inakoelekea.

Katikati ya nyimbo watu wanasemezana kwa namna ambayo si kuimba wala si kusema. Vitabu vina jina refu la Kiitaliano, lakini sisi tuna neno letu: kughani. Anayemsindikiza ni kinanda na yale magitaa makubwa ya shingo ndefu, wanampa akodi moja wanamwacha aende nayo. Ukishajua kwamba ni kughani, opera hii inafunguka yote. Hungoji wimbo ufike. Unasikiliza maneno.

Halafu kuna uganga wa Medea mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na hapa naomba wadau wa isimu mkae karibu. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, na Kiitaliano mara nyingi ni hivyo hivyo. Sasa chukua neno barabara. Barabara ya lami: ba-ra-BA-ra. Lakini ukisema kazi imefanyika barabara, mkazo unaruka nyuma, ba-RA-ba-ra, na mwisho wa neno unateleza kama mtu kakanyaga sabuni. Waitaliano wana mistari ya ushairi inayoishia kwa mtelezo huo, na jina lake lina maana hiyo hiyo, mstari wa kuteleza. Cicognini, aliyeandika maneno ya Giasone, kampa Medea mistari mifupi mifupi inayoteleza, mmoja juu ya mwingine, na watazamaji wa enzi zile walikuwa wanajua kwamba jukwaani mdundo ule ni wa kuita mizimu. Cavalli hakuongeza mapambo. Fidla zinagonga akodi ile ile, inagonga tena, na sauti inapanda na kushuka kwenye noti za akodi hiyo tu. Gloria Banditelli anaimba Medea na hapigi kelele hata kidogo. Anaagiza. Mizimu inaitika. Nilisikiliza saa saba usiku taa zimekatika, nikawasha tochi ya simu, msinicheke.

Lakini kilichonifanya niandike leo si Medea. Ni mtu mdogo, mtumishi, anaitwa Demo. Ana nundu mgongoni na ana kigugumizi.

Wanaonijua wanajua. Wasionijua wananisoma humu tu, na humu sina. Mimi ni mtu wa kigugumizi tangu darasa la pili. Mwaka wa kwanza hapa chuoni kulikuwa na mhadhiri mmoja aliyekuwa akinimalizia maneno kwenye semina. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na maneno aliyonipa mara nyingi hayakuwa yangu. Nilikuwa nakubali kwa kichwa ili tuendelee, halafu kwenye daftari la semina napata maksi kwa hoja ya mtu mwingine.

Sasa Demo anaingia, anajitapa. Yeye ni mzuri, yeye ni shujaa, dunia nzima mtumwa wake. Anakutana na Oreste, mtu wa Isifile aliyetumwa kupeleleza, na hapo neno linakwama. Cavalli kaliandika lile kwama ndani ya noti zenyewe. Silabi inarudi, inarudi, muziki unasimama, silabi inarudi. Oreste hana subira, anamrukia, anamkisia neno. Siyo hilo. Demo anawaka.

Mnajua kitu kimoja kuhusu sisi? Wengi wetu tukiimba hatugugumii. Muulize yeyote. Mimi kwenye kwaya ya sekondari nilikuwa natiririka kama mtangazaji wa redio. Sijui madaktari wanaliwekaje, lakini kwa ndani ninavyousikia, wimbo unakuambia neno linaanza saa ngapi, wewe unapanda tu kama unavyopanda daladala iliyosimama. Kwa hiyo Cavalli kafanya jambo la ajabu kabisa: kamchukua mwenye kigugumizi akampa kile ambacho kwa kawaida ndiyo dawa yetu, halafu akakitia kigugumizi humo humo. Na ili mwimbaji agugumie pale panapotakiwa lazima ahesabu kuliko mtu yeyote jukwaani. Akikosea nusu pigo, kichekesho kimekufa. Kigugumizi cha Demo kina hesabu. Changu hakina, na nilimwonea wivu.

Ni kichekesho, tusidanganyane. Watu wa Venice walilipa hela wacheke. Siku moja nilikuwa naisikiliza bila eafoni, rumeti wangu akaisikia, akacheka kwa sauti, halafu akanyamaza ghafla akaniangalia.

"Samahani kaka," akasema.

"Cheka bwana, imeandikwa ichekwe."

"Sasa we mbona huchek-i?"

Nikamwambia ngoja kidogo, sijamaliza kuifikiria. Na kweli nimeifikiria. Kwanza, kwenye rekodi nundu haionekani. Pili, ile ni rekodi ya studio, hakuna ukumbi uliojaa watu. Demo anakwama, na baada yake kuna ukimya. Jukwaani ukimya ule ungejazwa na kicheko. Kwenye eafoni unajazwa na wewe. Unakaa naye pale anapongoja neno, na ukiwa kama mimi unajua hasa pale palivyo, unajua hata anachofikiria: usinisaidie, usinisaidie, linakuja.

Basi nikaenda kusoma ni kwa nini opera hii ilikuja kudharauliwa, nikakutana na Giovanni Mario Crescimbeni. Huyu ni wa Roma, mmoja wa waanzilishi wa chama cha washairi kilichoitwa Arcadia. Mwaka 1700 aliandika kitabu kuhusu uzuri wa ushairi, na humo akaisifia Giasone halafu akaichinja. Kosa lake, anasema, ni kuchanganya wafalme na mashujaa na watumishi na wachekeshaji katika mchezo mmoja, na kwa mchanganyiko huo Cicognini kaharibu tanzia na kaharibu vichekesho vile vile. Waliokuja baada yake wakasafisha. Opera ya heshima ikawa ya wafalme wenye huzuni tupu, na watumishi wenye vigugumizi, na wayaya wazee kama Delfa wa Medea (kwenye rekodi kaimba Dominique Visse, mwanamume, mtachoka), wakafukuzwa wakacheze kwao.

Yaani Crescimbeni alitaka Demo na Isifile wasikae kwenye hadithi moja. Mimi nasema ukimtoa Demo, Isifile hasikiki. Ngoja niwaonyeshe.

Giasone anataka kumwondoa Isifile njiani. Anampa kazi Besso, mkuu wa walinzi wake: kaa bondeni, atakayekuja kukuuliza kama agizo la Giasone limetekelezwa, mtupe baharini. Halafu anamtuma Isifile akaulize swali hilo. Ni mpango wa kikatili, na umetengenezwa kwa sentensi moja, yeyote atakayeitamka anakufa. Lakini Isifile anachelewa kwa sababu ananyonyesha mapacha. Medea anafika kwanza, anauliza, anatupwa yeye! (Anaokolewa na Egeo, mchumba wake wa zamani ambaye alikuwa hamtaki. Baada ya kuokolewa anamtaka.) Halafu Isifile naye anafika, anauliza, na Besso anamwambia kwamba kwa leo kazi ya kutupa malkia imekwisha. Unacheka. Mama kaponea chupuchupu kifo na wewe unacheka, ndivyo walivyokupanga.

Dakika chache baadaye Isifile yuko mbele ya watu wote, keshajua kila kitu, na anaanza kuomboleza. Catherine Dubosc kwenye rekodi. Mwanzo anaghani, sentensi zinakatika katikati, anamgeukia Giasone, anakasirika, anaomba, anaacha. Halafu anawageukia waliosimama, Medea, Egeo, marafiki, na hapo fidla zinaingia na chini besi inashuka ngazi nne, inarudi juu, inashuka tena, haichoki. Anachoomba ni hiki: aniue kama anataka, lakini asinichome matiti, ili watoto wapate maziwa ya mwisho hata kwenye maiti ya mama yao. Maziwa yale yale yaliyomchelewesha bondeni, yale tuliyoyachekea muda si mrefu.

Mimi naamini ukumbi wa mwaka 1649 ulimsikiliza Isifile kwa masikio ambayo Demo alishayafundisha. Tangu sehemu ya kwanza wamezoeshwa kukaa mbele ya mtu ambaye maneno yake yanakatika, na kungoja. Mara ya kwanza walingoja kwa kicheko. Mara hii neno linakatika tena, na hakuna Oreste wa kulimalizia. Giasone mwenyewe, yule mvivu wa alfajiri, anasikiliza mpaka mwisho na anarudi kwake. Mnaweza kusema ni mwisho wa haraka haraka, na rumeti wangu anasema hivyo: jamaa aliyepanga kuua asamehewe kwa wimbo mmoja? Mimi simtetei Giasone. Ila katika saa zile zote ni mara ya kwanza kumwona akimwacha mtu mwingine amalize kusema.

Kama mnataka picha, zipo: kuna ya Antwerp ya mwaka 2010 chini ya Federico Maria Sardelli, na ya Geneva ya mwaka 2017 chini ya Leonardo García-Alarcón. Za jukwaani zina raha yake, ila mimi ningeanza na ile ya Jacobs, gizani, bila picha. Kama huna muda wa diski tatu, sikiliza wimbo wa kwanza wa Giasone, uganga wa Medea, Demo na Oreste, halafu ruka mpaka maombolezo. Usiruke Demo tafadhali. Tafsiri ya maneno itafute uwe nayo mkononi, bila hiyo utabaki na sauti nzuri tu.

Alhamisi nina presentesheni ya Medea. Nimemwambia mwalimu wa kozi kwamba nataka kuwapigia darasa kipande cha uganga, niwaeleze ile habari ya barabara na ba-RA-ba-ra, kisha nipige kipande cha Demo na kukizungumzia mwenyewe. Kila mtu amepewa dakika kumi na tano. Mimi nimeomba ishirini, na nimepewa.